Goti la Kushoto la Wachuka

Siku hiyo mjinga alikuwa Muiruri. Tuseme hivyo mapema, maana pale kwenye kiwanda cha mbao Elburgon yeye ndiye aliyekuwa na desturi ya kutafuta mjinga wa siku, na hakuwahi kumkosa. Dereva akipakia mbao upande mmoja hadi lori likainama kama mzee mwenye kiuno kibovu, huyo mjinga. Mpakiaji akisahau kofia hadi nywele zijae maranda, huyo naye hutangazwa kuwa anafaa kuuzwa kwa mfugaji, atandikwe chini ya vifaranga. Wenzake walicheka, wakaomba Mungu zamu yao isifike, na zamu yao ikafika.

Ya kwake ilichelewa kidogo. Ilipofika hakuna aliyecheka.

Muiruri na mkewe Wangare walikuwa na mtoto mmoja, Natalie Wachuka. Jina la Natalie mamake alilitoa kwenye televisheni. La Wachuka halikuchaguliwa na mtu. Lilikuwa la nyanyake, mama mzazi wa Muiruri, kama inavyostahili msichana wa kwanza. Na kwa kuwa mtoto alibeba jina la mama yake, Muiruri alimwita Mama. Naye Natalie, aliyekuwa na miaka minne na ulimi wa mtu wa arobaini, alimwita babake Muiruri, kavu hivyo, na kumtuma kama mfanyakazi.

"Muiruri, leta maji."

"Naja, Mama."

"Si hayo. Ya kikombe changu."

Nyanya mwenyewe alikuwa amefariki kabla mjukuu hajazaliwa, lakini sifa zake zilibaki nyumbani. Aliwalea wanawe kwa uji na mwiko, na mwiko ulifanya kazi zote mbili: ukishakoroga, unachapa. Natalie alizipenda sana hadithi za mwiko. Alitaka zirudiwe, hasa pale Muiruri anapokimbia na kunaswa kwenye ua wa jirani kwa suruali.

Mtoto huyo alizaliwa viungo vimekaza. Nyayo zilikuwa zimegeukia ndani zikitazamana, magoti yamejikunja hayataki kukunjuka, viganja vimepinda kwenye vifundo kama vya mtu anayebisha mlango.

"Huyu amekuja akipiga hodi," Muiruri alimwambia muuguzi siku ile ya kwanza, "na nyinyi mnamwangalia tu. Mfungulieni!"

Muuguzi akacheka. Kisha Muiruri akatoka, akazunguka nyuma ya wadi palipokuwa na tangi la maji, akaliegemea na kulia hadi mama mmoja aliyekuja kuchota akarudi na ndoo tupu.

Maneno hayakukosa. Kuna waliouliza Wangare alikula nini, kuna waliouliza Muiruri alimcheka nani mwenye kilema. Aliyewatoa kwenye maneno hayo ni Cheptoo, mtaalamu wa viungo katika hospitali waliyotumwa huko Nakuru. Aliwakalisha kwenye benchi, akamweka mtoto mapajani mwake na kuanza kumpapasa goti huku akizungumza.

"Mtoto akiwa tumboni hucheza. Huyu wenu hakucheza vya kutosha, viungo vikakaza vilivyokuwa. Si laana, na si chakula."

"Na si kitu nilisema?" Muiruri akauliza.

"Baba Natalie, kama mdomo wako ungepinda watu, Elburgon nzima ingekuwa kwa hii foleni."

Kuanzia hapo Muiruri akampenda Cheptoo kama dada.

Wakaanza na nyayo. Wangare alimbeba mtoto kila wiki akateremka naye Nakuru; plasta ya zamani inaloweshwa na kutolewa, Cheptoo anageuza unyayo kidogo, plasta mpya inafungwa kuushikilia hapo ulipofika. Wiki baada ya wiki, nyayo zikaacha kutazamana, zikatazama mbele kama za watu wengine. Daktari akakata kidogo kano ya kisigino, mtoto akapewa viatu vilivyounganishwa kwa ubao katikati ili nyayo zisirudi ndani. Muiruri akasema huyo ndiye mtoto wa kwanza Elburgon kuvaa viatu vyenye daraja.

Yakafuata magoti, na hapo kazi ikahamia nyumbani. Cheptoo aliwafundisha wote wawili.

"Maji ya uvuguvugu kwanza. Halafu mmoja anashika paja hapa, mguu hapa chini, ananyoosha polepole. Lakini sikieni. Mguu ambao haujawahi kukanyaga una mfupa mwembamba. Hatushindani nao. Mnamtazama usoni. Uso ukibadilika, hapo ndipo mwisho wa leo. Uso ndio kipimo."

Wangare alikuwa na mkono mtulivu. Alinyoosha goti akiwa kimya, macho usoni kwa mtoto, kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Muiruri alikuwa na mizaha. Zamu yake ilipofika, nyumba ilijaa kelele: aliiga Kihara mpanga-mbao anavyokoroma baada ya kula githeri, aliiga mbuzi wa jirani akisomewa mashtaka kanisani. Natalie alicheka hadi akakosa pumzi, wala hakujua goti limeshanyooshwa.

"Umefanya dawa iwe tamu," Wangare alimwambia siku moja, na Muiruri akatembea na sifa hiyo wiki nzima.

Goti la kulia likafunguka, si lote, lakini likafunguka. La kushoto likakataa kama mbuzi aliyefikishwa darajani. Mwisho daktari wa mifupa alilishika, akalipima, akawaambia: "Mkirudi, nikikuta hili limefunguka kidogo tu zaidi ya hapa, tutampeleka chumba cha upasuaji, turefushe kano ya nyuma ya goti. Baada ya hapo tutampimia vyuma vya miguu. Atasimama."

"Atasimama," Wangare akarudia, polepole, kama anayejaribu kiatu kipya.

Natalie akamgeukia babake. "Nikisimama nitakufika wapi?"

"Hapa kwa mshipi, Mama."

"Basi nitakuwa naona kile unaficha mfukoni."

Walirudi nyumbani na neno hilo. Wangare alipika chapati siku isiyo sikukuu. Muiruri alitafuta kisu, akachora alama kwenye mwimo wa mlango, urefu wa mshipi wake, ili Natalie ajue kichwa chake kitafika wapi. Natalie akaitazama akiwa mkekani. "Iko juu," akasema. "Lakini sawa."

Siku ya kurudi hospitalini ilipokaribia, goti la kushoto lilikuwa palepale.

Sasa, mbao ya saiprasi ikitoka kwenye msumeno huwa mbichi, na ubao mbichi ukiuacha peke yake hukauka ukijipinda upendavyo. Ndiyo maana kule kiwandani hupangwa kwa vijiti katikati na kukandamizwa kwa mawe juu. Ule ulioanza kupinda humwagiwa maji, hufungwa kwenye boriti iliyonyooka kwa vipande vya blada, ile mipira ya ndani ya magurudumu, na kila siku unakazwa kidogo zaidi. Unanyooka. Muiruri alinyoosha mbao hivyo tangu ujana wake, na Kihara kabla yake.

"Hao wa hospitali wanabembeleza sana," Kihara alisema wakinywa chai juu ya rundo la mbao. "Kitu kibichi kinanyooshwa kikiwa kibichi, bana. Akishakomaa mtaweza?"

Kihara hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Natalie; ndiye aliyemchongea ng'ombe wa mbao. Na Muiruri, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kuchukua ushauri wa Kihara hata kuhusu mvua, siku hiyo aliusikia na ukamwingia. Alichagua ubao mzuri usio na fundo. Akaupiga randa, akaupiga msasa hadi ukawa laini kama shavu. Akaweka vitalu viwili vya kuegemeza mguu, akavivika kitambaa cha blanketi ili visimkwaruze. Alikata blada vipande vyembamba. Ukikiona kile kitu ungedhani kimetengenezwa na mtu mwenye akili.

Wangare alikuwa ameenda sokoni na viazi. Muiruri alitaka akirudi alikute goti limefunguka. Kichwani alikuwa ameshauona uso wa Cheptoo, alikuwa ameshatunga na mzaha wa kumwambia.

Alianza vizuri. Maji ya uvuguvugu, kama alivyofundishwa. Kisha akamlaza Natalie mkekani, mguu juu ya ubao, blada chini ya paja, blada juu ya goti.

"Muiruri, hii ni nini?"

"Ni gari lako, Mama. Nalifunga lisitoroke."

"Lina honi?"

Muiruri akapiga honi kwa mdomo, honi ya lori la mbao likipanda kutoka Njoro na mzigo. Natalie akacheka. Muiruri akazungusha blada mara moja zaidi. Akamwiga Kihara akilikimbiza lori hilo kofia mkononi, na Natalie akacheka kwa sauti ile ya juu, macho yamefumba, machozi yanamtoka. Muiruri alimtazama usoni. Tusimsingizie, alimtazama. Uso ulikuwa unacheka. Akakaza tena.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa njugu ikivunjwa na mtu chumba cha pili.

Kicheko kikakatika. Natalie akafumbua macho, akamtazama babake kana kwamba anasubiri amweleze.

"Muiruri," akasema, "ni mbao yako imevunjika?"

Muiruri akauangalia ubao. Aliuangalia kutoka mwisho hadi mwisho, akaupapasa kwa vidole, akiomba kwa nguvu zake zote auone ufa. Ubao ulikuwa mzima.

Ndipo mtoto akaanza kulia.

Lori la kiwanda ndilo lililowateremsha Nakuru. Hakuna aliyepiga honi. Hospitalini Muiruri alieleza yote bila kuficha, na kila alipoyaeleza kwa mtu mpya, maneno yale yale, yalizidi kuwa ya mtu mjinga. Cheptoo alimsikiliza hadi mwisho. Hakumgombeza. Muiruri alisubiri agombezwe kama anavyosubiri mtu aliyesimama juani apewe kivuli, na Cheptoo akaenda tu kwa mtoto.

Wangare alifika akiwa bado na udongo wa viazi kwenye kanga. Aliuliza jambo moja.

"Alikuwa anacheka?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamchekesha."

Hilo la pili halikuwa swali.

Daktari aliweka picha ya eksirei kwenye mwanga. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu tu ya goti. "Utaunga," akasema. "Mifupa ya watoto huunga upesi. Shida ni mahali penyewe. Hapa ndipo mfupa unapokulia, na sijui umeumia kiasi gani. Na itabidi tumfunge plasta goti likiwa limekunjwa. Tukilivuta sasa tutavunja zaidi. Ule upasuaji tuusahau kwanza."

"Mpaka lini?" Muiruri akauliza.

"Siwezi kukuambia."

"Na kusimama?" akauliza Wangare.

Daktari akaigeukia tena picha, ingawa alikuwa ameshaiona.

Natalie alikaa na plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni. Viatu vyenye daraja havikuweza kuvalika, vikakaa chini ya kitanda. Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, kama daktari alivyosema. Goti lilikuwa limejikunja kuliko siku aliyozaliwa. Na unyayo wa kushoto, ule uliochukua wiki zote zile na safari zote zile, ulikuwa umeanza kurudi ndani taratibu, kama mtu anayetoroka mkutanoni bila kuaga.

Cheptoo aliwaambia wazi. "Tunaanza upya. Lakini sasa hatutafuti kile tulikuwa tunatafuta. Tunatafuta akae kwa kiti bila kuumia. Avalishwe suruali bila kulia. Hayo kwanza. Hayo mengine," akasema, akatafuta neno, "tutaona." Kisha akawaonyesha jinsi ya kunyoosha. Safari hii ni watu wawili: mmoja ashikilie paja kwa mikono yote miwili pale mfupa ulipoungia, lisitikisike hata kidogo, mwingine ndiye asogeze mguu. "Asiyeshikilia vizuri anavunja. Na msipofanya, linafunga kabisa."

Nyumbani, Wangare aliuchukua ule ubao wa saiprasi uliopigwa msasa, akaupasua kwa shoka na kuuchochea jikoni. Ulikuwa mkavu, ukashika moto haraka. Akapika chai, wakanywa wote watatu.

Ile alama ya mlangoni hakuna aliyeifuta. Hakuna aliyeitazama pia.

Muiruri akawa mtu mwingine. Kiwandani walimtania wakitaka awatanie. "Niaje, Muiruri! Mjinga wa leo ni nani?" Akajibu, "Mmeshampata," akaendelea kupanga mbao. Kihara alikuja nyumbani na maziwa, akasimama langoni akashindwa kupita. "Ingia, Kihara," Muiruri akamwambia. "Wewe ulisema tu. Mikono iliyokaza ni hii." Kihara akaweka maziwa chini, akafunika uso kwa kofia.

Mikono ile Muiruri hakumgusa nayo mtoto tena. Alichota maji, alipasua kuni, alifua. Natalie alipomtuma, alileta. Alipoinua mikono yake iliyopinda abebwe, Muiruri alimwita Wangare. Ilibidi jirani, mama Jackie, aje kushikilia paja, na siku ambazo mama Jackie hakupatikana, mazoezi hayakufanyika. Siku hizo zikaongezeka. Na yalipofanyika, nyumba ilikuwa kimya, Natalie ameuma midomo, anatazama paa.

Hadi Jumapili moja baada ya kanisa. Maji ya uvuguvugu yalikuwa tayari, mtoto mkekani. Mama Jackie alikuwa ameenda kwao Bondeni kwa mazishi.

"Kuja ushike," Wangare akasema.

"Ngoja mama Jackie arudi."

"Anarudi Alhamisi. Goti halimngojei."

"Wangare, siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Mikono yangu ni ya mbao. Inajua kukaza tu. Unataka nimvunje mara ya pili?"

"Mimi nataka usaidie."

"Tafuta mtu mwingine! Tutamlipa. Yeyote, lakini si mimi."

"Unadhani wewe peke yako ndiye umeumia?" Sauti ya Wangare ikapanda, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ile. "Mimi nilikuwa nimeshamwona amesimama, Muiruri! Nilikuwa nimeshachagua gauni. Nikiwa sokoni nilikuwa naambia watu, ule wangu atasimama. Nilikuwa nawaambia saa hiyo hiyo! Na sijakutusi. Hata mara moja sijakutusi. Kumbe nimekaa na hasira yangu nikikungoja uamke, na wewe umejilaza juu ya makosa yako kama kitanda."

"Basi nitusi!"

"Sina wakati. Shika mguu."

"Ananiogopa, Wangare. Nikiingia anatazama paa. Huoni? Mtoto wangu ananiogopa."

"Ni wewe unamwogopa!"

"Hapana. Nimesema hapana, na nimemaliza. Hii mikono haitamgusa—"

"Muiruri."

Sauti ilitoka mkekani. Haikuwa kubwa. Wote wawili wakageuka. Natalie alikuwa amejiinua kwa viwiko, unyayo wake mmoja ukitazama mbele na mwingine ukitazama mwenzake, uso umekunjamana vilevile kama wa nyanyake aliyekuwa akiwatokea wanawe mlangoni na mwiko.

"Mimi ni mama yako ama si mama yako?"

Muiruri akapiga hatua moja kuelekea mkekani. "Ni... ni wewe, Mama."

"Basi kuja ushike. Na usinichekeshe. Ikiuma nitasema, na ukivunja tena nitakuchapa."